Matundu Mawili Ukutani

Nimeketi na picha mapajani, na picha yenyewe ina matundu mawili. La kulia nimelizoea, kwa sababu ni langu. La kushoto ndilo linalonikosesha raha siku ya thelathini na sita sasa, ingawa hesabu ya siku katika mji huu si ya kutegemea: jana nayo ilikuwa ya thelathini na sita, na jirani yangu anaapa kwamba kwake ni ya ishirini. Naweza kupitisha kidole gumba katika tundu hilo mpaka kitokee upande wa pili. Nimefanya hivyo mara nyingi. Upande wa pili hakuna kitu ila suruali yangu.

Nianze na ujinga wangu, maana ndio uliozaa mengine yote. Mwaka tuliooana, Siwema na mimi tulikwenda studio tukapigwa picha moja, sisi wawili, mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria ikipaa juu ya maua. Yeye kaketi kwenye stuli, mikono mapajani. Mimi nimesimama kando yake, kifua mbele, mikono nyuma, kama wanaume walivyoagizwa kusimama zama zile. Hatukuwahi kupiga nyingine. Kisha ikatangazwa kwamba kila mtu awe na kitambulisho, na kitambulisho kinataka uso. Hakikutaka mabega, hakikutaka gauni, wala hakikuwa na haja na ndege. Nikachukua wembe, nikaukata uso wake, nikaukata na wangu, nikazipeleka nyuso mbili ofisini ndani ya bahasha moja. Usinicheke. Mji mzima ulifanya hivyo. Ingia nyumba yoyote hapa uangalie ukutani, utawaona maharusi wasio na nyuso wakikata keki. Mgeni huuliza, uso uko wapi? Naye hujibiwa kwamba uko ofisini, kisha anamiminiwa chai.

Mtu akifa, kitambulisho chake hurudishwa. Ndivyo sheria inavyosema, na mimi ni mtu wa sheria. Siku ya tatu baada ya kumzika Siwema nilikipeleka kitambulisho chake kwa mikono miwili, nikakiweka juu ya meza ya karani, nikasema ahsante. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani nilipotambua kwamba nimemkabidhi mtu nisiyemjua uso pekee wa mke wangu. Hata hivyo sikugeuka. Nilikuwa na kiburi changu, na kiburi hicho nitakueleza kilitoka wapi.

Katika mji huu mtu huagwa mara mbili. Mara ya kwanza hufukiwa mwili, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mara ya pili ni siku ya arobaini, picha inapotundikwa sebuleni na majirani wakapita mbele yake mmoja mmoja, kila mmoja akimtaja marehemu kwa jina. Aliyetajwa amebaki. Asiye na picha hana mahali pa kutajiwa, na asiyetajwa jina lake huanza kuwatoka watu kinywani, taratibu, bila ya mtu kukusudia ubaya. Baada ya muda hata kaburi lake huonekana ni kichuguu tu. Nimewahi kuyaona hayo kwa watu wa mtaa wa pili, sasa nimesahau walikuwa akina nani.

Na mimi ndiye fundi wa arobaini. Wananiita Fundi Suti. Wafiwa huenda katika Nyumba ya Nyuso, ofisi ile ile vinakorudishwa vitambulisho, wakaomba uso wa mtu wao, wakaniletea hicho kipande kidogo kama kucha ya dole gumba. Mimi nakikuza, nafuta madoa ya muhuri, kisha namvalisha marehemu. Wanaume nawachorea suti nyeusi na tai ya mistari. Wanawake nawachorea gauni lenye kola ya lesi. Suti ni moja na gauni ni moja, kwa hiyo wafu wote wa mji huu ni kama walishonewa na mtu mmoja kwa sherehe moja. Wapo waliokufa hawajawahi kuvaa hata viatu, na mimi nimewafunga tai. Watoto wao wamelia mbele ya tai zile wakasema, ni yeye hasa.

Basi nilijiambia: mimi mwenye kuzijua nyuso za mji mzima nitashindwaje na wa nyumbani kwangu? Nitamchora kwa kichwa. Nikanoa penseli, nikakaa, nikaanza na nyusi. Zilikuwa zimekutana au zimeachana? Nikaziruka, nikaenda kwenye pua. Pua ikaja ya mteja wa mwezi jana. Nikafuta. Alikuwa na baka dogo karibu na mdomo, hilo nina hakika nalo, lakini nilipotaka kuliweka sikujua niliweke kulia au kushoto. Miaka ishirini na minane nimekula mbele ya mdomo ule. Mganga hajigangi, walisema wazee, lakini hawakusema kwamba inauma namna hii. Nilikilaza kichwa juu ya karatasi tupu nikalia.

Siku iliyofuata, au iliyotangulia, Bi Chiku muuza vitumbua alinifungia vitumbua vyangu akanipa pole. "Na yule mkeo, Fundi," akasema, "yule, nani vile, ananijia hapa hapa ulimini." Akagusa ncha ya ulimi kwa kidole kana kwamba jina limenata pale. Bi Chiku na Siwema walilea watoto wa mtaa pamoja, waliazimana chumvi. Nilimtajia jina, akalipokea, akalirudia mara mbili. Jioni nilimpitia tena, likawa limemtoka.

Na langu? Siwema peke yake ndiye aliyekuwa akiniita kwa jina langu. Alilisema akiwa jikoni, akalirefusha mwishoni pale anapotaka kitu. Kwa wengine wote mimi ni Fundi. Tangu alipoondoka sijalisikia mara moja. Nimejaribu kulisema mwenyewe chumbani, likasikika ni jina la mtu ninayemwita aje, naye haji.

Shemeji yangu Mwajabu, dada mkubwa wa Siwema, alikuja siku ya thelathini na saba. Akavua viatu, akakaa mbele yangu, akavuta mtandio wake nyuma.

"Nichore mimi," alisema.

"Shemeji."

"Tumetoka tumbo moja. Unipunguze miaka, uniongeze shavu. Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Mimi nataka ndugu yangu atajwe, sitaki kujua." Alikuwa ametulia, lakini mtandio aliushika kwa nguvu. "Jana nilitaka kuwaambia wanangu habari ya mama yao mdogo. Nikawaambia, mama yenu mdogo, basi, nikakwama. Mimi, shemeji. Mimi niliyembeba mgongoni."

Nilichukua penseli. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha dirisha kikavuka chumba na kurudi kilikotoka. Nilichora macho mawili mazuri. Yalikuwa ya Mwajabu. Nilipompa ile picha ya studio ashike, aone ukubwa wa tundu, aliiinua mpaka usoni akaweka jicho lake pale, akanitazama kupitia tundu la uso wa ndugu yake.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Nakuona wewe. Umekonda." Akairudisha picha mapajani mwangu. "Nenda kwenye Nyumba ya Nyuso, shemeji. Kiburi hakitundikwi ukutani."

Nikaenda.

Nyumba ya Nyuso ni ndefu ndani kuliko ilivyo nje. Ukishaingia, korido inaendelea, na katika korido kuna benchi, na katika benchi kuna foleni. Aliyekuwa mbele yangu alinieleza kwamba alikuja kuomba uso wa baba yake akiwa bado hajaota ndevu. Sasa ndevu zilikuwa nyeupe. Zamu yake ilipofika alitolewa baada ya muda mfupi, mikono mitupu, anacheka na anafuta machozi kwa pamoja. Walimwambia hana haja ya picha, ajitazame, aende nyumbani. Nilimwonea wivu. Mume hata akae foleni miaka mia hafanani na mkewe.

Dirishani alikaa Bi Tunu, mwanamke mwenye miwani na sauti ya mtu aliyezoea kurudia. Alinipa fomu ya mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa umeshajazwa: Neno, picha. Wa pili ulisema: Maana. Wa tatu: Matumizi.

"Nimekuja kuchukua uso wa mke wangu, bibie," nilisema.

"Najua. Jaza."

"Haya ni ya nini?"

"Hatumpi mtu kitu asichokijua ni nini, baba. Wengi wanaandika chochote, tunawapa. Lakini andika."

Nikakaa na fomu ile. Kwa kweli sikuwahi kuliuliza neno lile linatoka wapi na linataka nini kwetu. Lilikuja kutoka kwa Waingereza, hilo kila mtu analijua, likashuka likiwa jepesi, halina mzigo. Hapa lilitukuta na maneno yetu. Tulikuwa na sura, na sura ni kazi ya Mungu. Tulikuwa na taswira, ambayo washairi waliitumia wakairudisha mahali pake. Sanamu tuliiogopa kidogo. Kivuli kilitufuata na hatukukishukuru. Ndipo likaja neno hili, picha, likabisha kila mlango likafunguliwa. Picha ya harusi, picha ya kifua anayoitazama daktari akinyamaza, picha ya sinema, hebu piga picha asemavyo mtu anayetaka umwamini jambo lisilokuwepo. Yale maneno mengine yalihitaji mtu awe amesimama mahali fulani ili yatumike. Hili halikumhitaji. Labda ndiyo sababu tulilipenda. Sisi watu wa kusahau tulipata mahali pa kuweka tunaowasahau, na tukishawaweka pale hatukuona tena haja ya kuwatazama. Miaka ishirini na minane Siwema alipita mbele yangu na kikombe, na ndoo, na kanga ya kulalia, na kila alipopita mimi nilikuwa nimeinamia nyuso za watu. Wake ulikuwa salama. Ulikuwa ofisini.

Katika Maana niliandika: Mfano wa mtu au kitu juu ya karatasi. Bi Tunu alisoma.

"Hii ya kamusi. Kamusi haijafiwa."

Nikafuta, nikaandika: Ushahidi kwamba mtu alikuwepo.

"Mbona walio hai nao wanadaiwa picha?" Akaivuta fomu kwake. "Haya, pita. Matumizi utajaza ukitoka."

Ndani kulikuwa na droo kutoka sakafuni hadi darini. Alivuta ya mwezi wa Siwema, akaimwaga juu ya meza pana, akaondoa wanaume kwa ukingo wa kiganja. Wakabaki wanawake thelathini. Vitambulisho huchanwa vikirudi. Jina na namba hupelekwa jengo jingine, uso huachwa hapa. Sikuwa nalijua hilo.

"Mchukue wako," alisema.

Nikawatazama. Wote walitazama mbele, masikio nje, midomo imefungwa kama walivyoamriwa. Nikawatazama tena kuanzia mwisho. Nina jicho la fundi, naweza kukuambia nani alikuwa na homa siku aliyopigwa picha na nani alikuwa ametoka kugombana. Ila sikuweza kukuambia yupi ni mke wangu. Wenye baka karibu na mdomo walikuwa watatu, na mabaka mengine matatu huenda yalikuwa madoa ya muhuri. Nilihisi joto likinipanda masikioni, aibu ambayo sijawahi kuiona hata utotoni.

Nikakumbuka kwamba nimekuja na ile picha yetu. Wembe wangu huenda upande kidogo, nina mkono huo, kwa hiyo kipande changu lazima kingekaa katika tundu langu na si kwingine. Nikawajaribu mmoja mmoja. Lakini ofisi nayo ina mkasi wake, ilikuwa imezipunguza nyuso zote zikawa sawa, na kila uso uliingia ukiwa na nafasi kidogo pembeni. Wa kwanza nikamweka juu ya gauni la Siwema: mke wangu. Nikamtoa, nikamweka wa pili: mke wangu. Wa saba alinitazama kwa namna ambayo karibu nimwite. Kila mmoja alimkaa. Kila mmoja, akishavikwa mabega yale na shingo ile, akawa mtu niliyeishi naye.

"Wengine hufanyaje?" niliuliza.

"Huchukua mmoja." Alikuwa anapanga wanaume kwenye droo. "Hakuna aliyewahi kurudisha."

Nikaelewa polepole, kama mtu anayesomewa barua ya msiba. Nilifikiria sebule zote za mji, suti yangu na kola yangu ya lesi, na watu wanaolia mbele yake. Nilifikiria wiki iliyopita, nilipoletewa uso wa mama wa watu kutoka mwezi huu huu. Nilikaa nao siku tatu. Niliusafisha shavu kwa pamba, nilizinyoosha nyusi kwa brashi ya nywele tatu, nikaupuliza ukauke. Nikawapa wenyewe, wakasema ni yeye hasa. Huenda nilimshika Siwema mikononi siku tatu nikamvalisha gauni na kumtoa nje ya nyumba yake.

Nikakaa sakafuni. Picha ilikuwa bado mkononi, na kwa kuwa sikuwa na uso wa kutazama, macho yalishuka yakaenda chini ya tundu, mahali ambapo sikuwahi kuyapeleka. Mikono yake ilikuwa pale. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda, kwa sababu ya buli la kahawa lililomuunguza akiwa mdogo. Na mkono wa kulia umebana pindo la gauni, umelikunja, vifundo vimesimama. Nikajua kwa nini. Mpiga picha alikuwa amesema, bibi harusi usicheke. Na mimi, kabla tu ya mwanga, nilimnong'oneza Siwema kwamba tukichelewa ile ndege nyuma yetu itatuacha. Alibana gauni asicheke. Alikuwa akibana hivyo kila mahali, msibani, hospitalini, mbele ya wakwe. Nilikisikia kicheko chake baadaye njiani, nikakisikia tena pale sakafuni, chote, mpaka kikohozi cha mwisho.

Nikasimama haraka nikazitazama nyuso thelathini, nikitafuta aliyekuwa akijizuia kucheka. Wote walikuwa wakijizuia kitu.

"Wa saba anakufaa," alisema Bi Tunu kwa upole. "Siku zinakwenda, baba. Kesho ni arobaini yake."

"Nikimchukua nitakuwa nimemtundika mke wa mtu."

"Naye wako katundikwa na mtu. Mtakuwa mmelipana."

Niliwarudisha wote kwenye droo kwa mkono wangu. Wa saba nilimrudisha mwisho, sitasema uongo. Dirishani nilichukua fomu, na kwenye Matumizi nikaandika: Niliitumia kutomtazama. Bi Tunu aliisoma, akaigonga muhuri, akaiweka juu ya rundo.

Arobaini ilikuwa asubuhi, na jua lilikuwa kali. Mwajabu alipika pilau, majirani wakaja wamevaa vizuri. Nilikuwa nimeitundika picha ya studio vilevile ilivyo, na matundu yake, na ukuta unaonekana ndani yake. Waliiona wakasimama. Wanaume walitazama viatu vyao. Nilidhani wataondoka, kwa hiyo nilisimama pembeni karibu na mlango.

Bi Chiku ndiye aliyesogea. Alisogea sana, mpaka pua yake ikakaribia karatasi, akatazama chini ya tundu.

"Hii mikono," alisema. "Hii mikono ndiyo iliyonikanda mgongo usiku nilipomzaa Sauda. Kidole hiki kilichopinda kilikuwa kikinichoma hapa." Akajigusa kiunoni. "Siwema. Mama wee, ni Siwema."

Kisha wakaja wote. Huyu alipewa unga na mikono ile, yule alisukwa, mwingine alipigwa kofi akiwa na miaka tisa na anakiri alistahili. Siwema, walisema. Siwema. Mwajabu alikaa chini akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyerudishiwa kitu, na wanawake wakamzunguka. Jina lilijaa chumbani hadi nikalazimika kushika mwimo wa mlango. Uso wake bado sikuuona. Nilijaribu hata wakati ule, nikaambulia ukuta. Lakini alikuwa amebaki, na hilo ndilo nililolitaka, na nilifurahi. Nilifurahi kweli.

Bi Chiku alikuwa bado mbele ya picha. Kidole chake kilihama kutoka tundu la kushoto kwenda la kulia, kikashuka kwenye kifua kilichotunishwa, kikatafuta mikono, hakikuiona, kwa sababu iko nyuma.

"Na huyu aliyesimama naye?" aliuliza.

Watu wakasogea, wakatazama. Mwajabu alifuta macho akatazama pia, akafungua mdomo, akagusa ncha ya ulimi kwa kidole. Mmoja akasema pengine ni kaka. Mwingine akasema zamani studio zilikuwa na watu wa kusimama tu. Kitambulisho changu kilikuwa katika mfuko wa shati, nilikihisi kwenye moyo, na ndani yake uso wangu umefunga mdomo. Nilisubiri kidogo, nikisikiliza kama kuna atakayeita kutoka jikoni.

"Ni mumewe," nikawaambia. "Alikuwa fundi."